Sufuria ya Karatasi

Ukipewa nusu saa uchane kitambulisho chako, cheti chako cha kuzaliwa na picha pekee ya marehemu baba yako, utachana au hutachana? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka. Nilisema ningechana zote bila kupepesa macho, nikachekwa.

Aliyenicheka anaitwa Fruma. Ana miaka themanini na sita. Anaishi peke yake ghorofa ya sita katika jengo kuukuu la Weston, huku Kanada, upande unaotazama mto Humber, na kwa miaka thelathini na minane alishona makoti ya wanawake katika viwanda vya nguo vya mtaa wa Spadina. Hajawahi kuandikwa gazetini. Hana mtoto. Mume wake, aliyekuwa dereva wa lori la mikate, alifariki kabla mimi sijazaliwa. Ukikutana naye kwenye lifti utamwona kikongwe mfupi anayesukuma kigari cha kutembelea, na macho yake yatatazama viatu vyako kwanza, ndipo yapande usoni. Nilimuuliza kwa nini. Akasema askari akivaa kiraia husahau kubadilisha viatu.

Niliingia kwake kwa sababu ya kazi. Nilipata shahada ya siasa katika chuo kikuu kilicho karibu na njia panda ya Jane na Finch, nikiwa na mipango ya kuugeuza ulimwengu, na ulimwengu ukanipa kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Silalamiki. Zamu yangu ilikuwa ya mchana. Zamu ya asubuhi ilikuwa ya Kemunto, mama wa Kisii mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ambaye jioni alikwenda tena kupanga masanduku katika ghala moja kule Rexdale.

Nyumbani kwa Fruma, hofu ina fanicha zake. Kiti chake kimeelekezwa mlangoni, si dirishani kwenye mto. Kando ya mlango kuna mkoba mdogo wa kahawia: jozi mbili za soksi, sabuni, sindano na uzi, na kipande cha mkate mkavu ambacho Kemunto alikibadilisha kila Ijumaa bila kusema neno. Mlango wenyewe una desturi yake. Unagonga mara mbili, unanyamaza, unagonga mara moja. Ukibisha kwa ngumi, hata kama umemletea dawa, utasimama pale mpaka uote mizizi.

Kwa Kiingereza chake chenye kokoto aliniita Profesa. "Profesa, chai imepoa. Mapinduzi yasubiri." Au nikimweleza kwa hasira jinsi mipaka ya nchi ilivyochorwa na watu wasiowahi kuivuka kwa miguu, aliitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Vizuri sana. Sasa nivalishe soksi."

Siku moja nilimsimulia juu ya baba wa babu yangu, Mmeru aliyefanya kazi katika shamba la mzungu karibu na Nanyuki. Mwingereza alimlazimisha kuvaa kipande shingoni, karatasi yenye jina lake na alama za vidole vyake, ndani ya kijisanduku cha bati. Akikutwa bila hicho, jela.

"Shingoni? Kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe."

"Miaka gani?"

"Alikuwa nacho mpaka baada ya vita vya pili vya dunia."

Fruma alicheka kicheko kikavu kilichomfanya akohoe. "Mwingereza yuleyule," alisema. "Kwenu alimfunga mtu asiye na karatasi. Sisi tulizitupa baharini ili asitupate."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna hadithi, na hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Kemunto alinionya. Tulikuwa tukipokezana zamu, yeye akivaa koti. "Kirimi, usimchokonoe yule mama. Mwaka jana kuna binti wa kanisani alikuja na maswali yake ya safari ya meli. Siku tatu mama hakulala. Alinificha mimi kabatini, unasikia? Mimi na huu mwili wangu, kabatini."

"Lakini Anti, haya ni mambo ya historia. Akifariki yatapotea."

"Wacha yapotee basi. Yeye asipotee."

Sikumsikiliza. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na simu yenye nafasi ya kurekodi saa mia moja.

Sasa nieleze kilichokuwa kinamkabili Kemunto mwenyewe. Alikuwa ameomba hifadhi Kanada. Mume wake alipofariki, shemeji zake walitaka shamba, na walipoona haondoki walimpachika jina la mchawi, jina ambalo likishapachikwa halina mahakama. Nyumba ilichomwa na yeye akiwa ndani. Ana kovu linaloanzia sikioni na kushuka chini ya kola, ndiyo maana hata kiangazi hufunga skafu. Ombi lake lingesikilizwa Jumatano, saa tatu asubuhi, katika ofisi moja katikati ya jiji. Wakili wake, Fareen, ambaye mama yake alizaliwa Kisumu, alishapeleka nakala za kila kitu, lakini nakala ya taarifa ya polisi ilitiliwa shaka, na waamuzi wakaagiza ziletwe karatasi halisi: taarifa ya polisi, barua ya hospitali kuhusu majeraha, cheti cha kifo cha mume, barua ya chifu. Karatasi nne. Katika hizo nne mlikuwa na maisha yake yote, kwa maana akikataliwa angerudishwa kwa watu walewale, na wao walishasema watamaliza kazi.

Jumanne asubuhi alikuja nazo kazini katika bahasha ya kaki. Chumba chake cha Rexdale alikipanga na wanawake wengine watatu, na ghalani hawaruhusu mtu kuingia na begi. Alitaka kuzichukua kwa Fruma alfajiri, apande treni pale Weston. Akaziweka katika droo ya mitindo ya kushonea.

"Hapa ndipo salama kuliko pote," aliniambia. "Hakuna mtu anayeingia nyumba hii."

Fruma aliona. Fruma huona kila kitu.

Kemunto alipoondoka saa nane, niliweka simu juu ya meza, nikambembeleza. Nilisema ulimwengu unapaswa kujua. Nilisema watu bado wanapanda meli kama ile kila siku na kufa maji, na kwamba ushahidi wake unaweza kusaidia. Alinitazama viatu. Kisha, labda kwa kuchoshwa, labda kwa sababu ile bahasha ilikuwa imeshamwamsha kitu, alianza.

Alikuwa na miaka tisa. Yeye na mama yake walikuwa wametoka Poland, wakapita kambi za wakimbizi Ujerumani, wakavuka milima kwa miguu mpaka pwani ya Italia. Mwaka 1947, meli kuukuu ya kubebea makaa iliwachukua bila ruhusa ya serikali yoyote kuelekea Palestina, iliyokuwa chini ya Mwingereza na iliyofungiwa watu kama wao. Ndani ya meli walipigilia mbao kama rafu za duka, nne juu kwa juu, na watu wakapangwa humo kama viatu. Walizidi elfu moja. Kila mtu alipewa upana wa mabega yake. Mama yake alilala ubavu ili yeye alale chali.

"Kelele ilikuwaje?" niliuliza.

"Mwanzoni watu waliimba. Baadaye walitapika. Baadaye wakanyamaza, kwa sababu ya manowari."

Manowari ya kwanza ilitokea siku ya tano. Kesho yake zilikuwa tatu. Hazikupiga risasi wala kupaza sauti. Zilifuata tu, kijivu juu ya kijivu, karibu kiasi cha kuwaona mabaharia wakila. Siku mbili nzima. Fruma alisema hata leo haogopi mtu anayemfokea. Humwogopa anayemfuata kimya.

Amri ikapita rafu kwa rafu. Kila mtu achane karatasi zake zote, pasi, vyeti, barua, picha zenye maandishi. Akiulizwa jina na atokako, ajibu sentensi moja tu, iliyo sawa kwa wote: mimi ni Myahudi wa nchi ya Israeli. Asiyejulikana atokako hana pa kurudishwa. Kijana aliyesimamia rafu yao alimpa Fruma sufuria ya kupikia supu, akamwambia, "Wewe mdogo unapita popote. Kusanya. Usimwachie mtu hata kipande."

Alianza na mama yake. Mama alikuwa na picha moja ya baba, na nyuma yake baba aliandika kwa mkono wake jina lake na jina la mji wao. Mama akamuuliza yule kijana kama anaweza kuchana upande wa nyuma tu.

"Akamjibu, karatasi haina mgongo peke yake," alisema Fruma. "Hakuwa mkatili, Profesa. Alikuwa analia. Alikuwa na umri wako."

Akatambaa na sufuria yake rafu hadi rafu. Watu walitia vipande vidogo, wengine wakavibusu kwanza. Kwenye rafu ya chini kabisa alilala mwanamke aliyeitwa Rejza, ambaye hakutia kitu. Fruma alimwona akikunja karatasi na kuisukuma ndani ya kiatu. Kilikuwa cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, mtoto ambaye hakuwa hai tena, na hapakuwa na kitu kingine duniani kinachoonyesha kwamba aliwahi kuwapo. Rejza aliweka kidole mdomoni. Fruma akamhurumia, akanyamaza. Akapanda juu, akasema sufuria imekamilika.

Alfajiri wanajeshi waliruka kutoka manowari wakiwa na marungu na gesi ya kutoa machozi. Watu waliwatupia viazi na mikebe ya nyama. Ilikwisha upesi. Bandarini Haifa walishushwa kwa mistari, wakanyunyiziwa unga wa kuua chawa, wakapekuliwa ili wapakiwe katika meli nyingine za kuwapeleka kambini Kupro. Askari akamvua Rejza kiatu. Akaikunjua karatasi, akaisoma, akaita mkubwa wake. Wakamtoa mstarini.

"Wakampeleka wapi?"

"Sijui."

"Labda walimweka tu katika meli nyingine."

"Labda," alisema Fruma. "Nina miaka sabini na saba ya labda."

Najua nikitaja meli zile kuna watakaotaka kubishana juu ya nchi waliyoikusudia na watu waliokuwa wakiishi humo tayari. Nina maneno yangu katika ubishi huo na siyaogopi. Lakini hapa nazungumza juu ya mtoto mwenye sufuria.

Tangu alipolitaja jina la Rejza hakunitazama mimi tena, aliutazama mlango. Nilizima simu. Nilimfunika blanketi, nikampa maji, nikajiona mtu mwema. Saa kumi nikashuka na kapu la nguo katika chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo. Nilikaa huko dakika ishirini na tano, labda thelathini, nikisikiliza sauti yake kwenye simu yangu na kuwaza jinsi nitakavyoipa kichwa.

Niliporudi ghorofa ya sita niliwaona polisi wawili mwisho wa ukumbi wakiongea na jirani. Vifurushi vilikuwa vimeibwa mlangoni pa jengo, na walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuuliza kama kuna aliyeona kitu. Sikufikiri chochote. Niligonga mara mbili, nikanyamaza, nikagonga mara moja.

Harufu ya jiki ilinipiga usoni kabla mlango haujafunguka vizuri.

Fruma hakuwa na kigari chake. Alikuwa amesimama jikoni kwa miguu yake mwenyewe, ameshikilia ukingo wa meza kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa akikoroga sufuria kwa mwiko. Ndani mlikuwa na maji, jiki, na kitu kama uji wa kijivu. Bahasha ya kaki ilikuwa sakafuni, tupu, mdomo wazi.

"Funga mlango," alininong'oneza. "Wamekuja. Wamebisha kwa ngumi. Wameniuliza nani mwingine anaingia humu. Nikawaambia hakuna mtu. Nikawaambia hayupo."

"Fruma. Umefanya nini?"

"Walimtaka mtoto wetu, Kemunto. Lakini sasa hawana kitu." Uso wake ulikuwa mweupe kama kitambaa, na ulikuwa na furaha, sijawahi kuona furaha ya kutisha namna ile. "Hawajui atokako. Hawawezi kumrudisha. Safari ile nilinyamaza, Profesa. Safari hii sikunyamaza."

Nilitia mkono ndani ya sufuria. Vidole vya mshonaji vilikuwa vimechana vipande vidogo kama kucha, na jiki imekula wino. Nilitoa kipande kimoja chenye rangi ya zambarau, labda muhuri wa hospitali. Kiliyeyuka kati ya vidole vyangu.

Nilimwambia ukweli. Pengine ningengoja, lakini sikuweza. Nilimweleza kwamba huku mambo ni kinyume, kwamba zile ndizo karatasi ambazo zingemkinga Kemunto asirudishwe, kwamba bila hizo waamuzi wataona nakala yenye shaka na mwanamke asiye na ushahidi. Niliiona furaha ikiondoka. Hakulia. Aliendelea kukoroga, polepole, mpaka nikamwondolea mwiko mkononi.

Kemunto alifika saa kumi na moja na nusu. Nilikuwa nimempigia simu na kusema tu aje. Alipanda basi bila kuuliza, akaiacha zamu ya ghala. Alisimama mbele ya sufuria na koti lake bado mwilini. Nilisubiri apige kelele. Kila asubuhi, kwa miaka miwili, alimpikia Fruma uji wa wimbi katika sufuria ileile.

"Mama," alisema mwishowe. "Huu ndio uji ulionipikia?"

Kisha akakaa chini sakafuni.

Tukampigia Fareen, sauti ikiwa wazi chumbani. Tukamweleza yote.

"Kemunto, sikiliza mimi vizuri," alisema. "Wakiambiwa karatasi halisi zimeharibika jana yake, wataona jambo moja tu: zilikuwa bandia na mwenyewe kaziharibu. Mimi pia ningeona hivyo. Anayeweza kusema vingine ni yule aliyeziharibu. Nitaomba ruhusa asikilizwe kama shahidi. Aje mwenyewe, aje na pasi yake, aape."

Nikamtafsiria Fruma. Alikuwa ameketi katika kiti chake, amegeukia mlango.

"Wataniuliza nilikozaliwa," alisema.

"Labda. Utasema."

"Karatasi zangu zote zinasema Haifa."

Sikuelewa. Ilibidi aeleze, na alieleza akiutazama mkoba wa kahawia. Ile sentensi moja aliyofundishwa melini hakuwahi kuiacha. Alipokuja Kanada mwaka 1956 aliiambia serikali kwamba alizaliwa Haifa. Alimwambia hivyo hivyo kila afisa tangu wakati ule, na daktari, na msimamizi wa kiwanda, na hata mume wake kwa miaka kumi ya kwanza. Jina la mji aliozaliwa halikuwa limetoka kinywani mwake mbele ya mtu mwenye sare hata mara moja.

"Nikiapa nikasema Haifa, nitakuwa nimemdhuru mtoto kwa uongo. Nikisema kweli, watasema niliwadanganya mwaka hamsini na sita. Watanirudisha."

"Hawawezi, Fruma. Una miaka themanini na sita."

"Rejza alikuwa na karatasi ya mtoto aliyekufa. Wakamtoa mstarini kwa hiyo tu, na wewe unaniambia hawawezi?"

Nilianza kubishana. Nilikuwa na sheria, nilikuwa na takwimu, nilikuwa na hasira. Kemunto aliinuka kutoka sakafuni akanishika bega.

"Kirimi, nyamaza." Akamwendea Fruma, akapiga magoti, akaanza kumvua viatu ili amkande miguu, kama alivyofanya kila siku. "Basi, Mama. Usije. Wewe tulia tu. Mungu wangu hasomi karatasi."

Lakini skafu yake ilikuwa imelegea na hakuifunga tena. Kovu lilikuwa limejitokeza juu yake. Saa moja jioni tuliondoka bila kuafikiana chochote. Kituoni Kemunto aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, kama ndege ya kurudisha watu hutua Nairobi mchana au usiku, kwa sababu mchana mtu anaweza kuonwa na shemeji zake.

Nitasema mapema, ili usisome kwa kuruka mistari: Kemunto alikubaliwa. Uamuzi ulitolewa palepale, saa saba mchana, na mpaka leo bado anamkorogea Fruma uji, ingawa amenunua sufuria nyingine. Lakini mimi sikuruhusiwa kuingia katika chumba kile, na sitaki kusimulia nisichokiona. Nilichokiona kwa macho yangu ni hiki.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikwenda kwa Fruma kwa sababu zamu ya Kemunto haikuwa na mtu. Nikagonga mara mbili, nikanyamaza, nikagonga mara moja. Mlango ukafunguka mara moja. Alikuwa amevaa koti alilolishona mwenyewe, na mkoba wa kahawia ulikuwa mkononi.

"Nimeweka mkate mpya," alisema. "Huwezi kujua."

Ndani ya treni alishika kifundo cha mkono wangu kwa nguvu kiasi kwamba vidole vyangu vilipata ganzi. Katika lango la ofisi Kemunto alikuwa anasubiri na Fareen, amevaa nguo ya kanisani. Alipomwona Fruma anakuja na kigari chake alikimbia kumlaki.

Mlangoni palikuwa na meza, daftari, na mlinzi mwenye sare, kijana mwenye kilemba cha buluu na ndevu nzuri. Fruma alitazama viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vizito, vya kamba. Nilihisi mwili wake wote ukirudi nyuma, nikadhani ataanguka, na nikasogea nyuma yake.

"Kitambulisho, bibi."

Alitoa pasi. Ilichukua muda mrefu kuitoa. Mlinzi aliifungua, akaandika jina na saa, akatabasamu kwa wema wa mtu anayetaka kumtuliza mzee.

"Haifa! Rafiki yangu amewahi kufika huko. Anasema bahari ni nzuri sana." Akamrudishia pasi. "Pita, bibi. Lifti iko kushoto."

Njia ilikuwa wazi. Alitakiwa kuitikia kwa kichwa tu. Fareen alishatangulia hatua mbili. Foleni ilikuwa imeanza nyuma yetu.

Fruma hakupita.

"Sikuzaliwa Haifa," alisema.

"Samahani?"

"Jina langu ni Fruma. Baba yangu aliitwa Szymon. Nilizaliwa Chmielnik, Poland, mwezi wa Machi, mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nane." Sauti ilikuwa ndogo na ilikatika katikati ya mwaka, akaurudia. "Andika."

Mlinzi alinitazama mimi, kisha Kemunto. "Bibi, hapa tunaandika jina na saa peke yake. Hakuna nafasi ya hayo mengine."

"Andika pembeni."

Yule kijana alifikiri kidogo. Halafu akaligeuza daftari, akalisukuma mbele yake, akampa kalamu. "Basi andika mwenyewe."

Fruma aliweka mkoba wake sakafuni. Akainama juu ya meza na kuanza, herufi moja baada ya nyingine, kubwa, za mtoto wa shule. Alipofika jina la mji, daftari likaanza kuteleza chini ya mkono wake, na Kemunto akasogea akalishika kwa mikono miwili mpaka akamaliza.